Mama Aliyekula Mboga na Hakupungua

Ndugu msomaji, na wewe mama unayesomewa kijitabu hiki na mtoto wako, umekwisha kusikia mafundisho yetu juu ya uzito wa mwili. Tumekuambia ya kwamba uzito kupita kiasi huleta damu kupanda, ugonjwa wa sukari na maumivu ya magoti. Tumekuambia uache nyama yenye mafuta, ule vyakula vya shamba lako. Nawe umetii. Umekula sombe, maharagi na lengalenga mwezi hata mwezi, kisha ukapanda juu ya mzani na kuona mshale umesimama pale pale. Neno hili ni lako.

Kwanza yanipasa kusimulia kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja, mke wa mchungaji, alikuwa akija katika dispensari yetu kila Jumanne kwa kupimwa. Alikuwa na miaka 46 na kilo 94. Damu yake ilikuwa imepanda, nami nikamwagiza aache nyama ya nguruwe na ya mbuzi. Akaacha. Akaacha hata mayai, na maziwa, na samaki, zaidi ya nilivyomwagiza, maana ni mtu wa kutimiza neno. Miezi sita ikapita. Badala ya kupungua akaongezeka kilo 3. Siku ile baraza ilikuwa imejaa wamama na watoto wao, na mzani wetu ulikuwa pale mlangoni. Nikasoma hesabu kwa sauti kubwa, halafu nikasema, “Mama, mzani hausemi uongo. Usiku unakula nini?” Wamama wakacheka. Yeye hakujibu neno. Akafunga kitenge chake, akavaa sweta yake, akaenda zake.

Ile sweta ingalinifundisha, kama ningalikuwa na macho. Ilikuwa saa saba ya mchana, mwezi wa pili, jua kali, na mimi mwenyewe jasho lilikuwa likinitoka.

Habari ikazunguka katika kanisa, ya kwamba mke wa mchungaji anakula kwa siri. Wengine wakaongeza ya kuwa mchana anafunga na usiku anafungua chungu. Akaacha kuongoza mkutano wa wamama siku ya Alhamisi. Baada ya majuma matatu mume wake akamleta kwangu, wala si kwa ajili ya uzito. Alikuwa akisinzia katikati ya ibada, na sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kama ya mwanamume. Nikashika mkono wake na kuhesabu: moyo ulipiga mara 52 kwa dakika. Ngozi ilikuwa kavu, tena baridi. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho. Nikamwuliza habari za choo, akasema mara moja kwa siku tano. Nikampa kikombe cha maji anywe, nikatazama shingo yake, nikaona uvimbe mdogo ukipanda na kushuka alipomeza. Tukamtuma kwenye hospitali kubwa, wakatoa damu, na jibu likarudi: tezi ya shingo ilikuwa karibu kuzimika.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha, na Jumanne iliyofuata nikaomba tena mbele ya wamama wale waliocheka. Alinisamehe. Lakini neno aliloniambia nyumbani kwake sijalisahau. Alisema, “Mwalimu, hata mimi nilianza kufikiri labda ninaamka usiku na kula bila kujua.”

Moto wa mwili

Fikiri juu ya mbabula yako. Makala ni yale yale, lakini ukifungua mlango wake moto unawaka sana, ukifunga makala yanakaa muda mrefu bila kuisha. Mwili nao ni hivyo. Chakula ni makala yake. Hata ukilala usiku bila kuinua mkono, moyo unapiga, mapafu yanavuta pumzi, figo zinachuja, na mwili unajitia joto. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, zaidi ya nusu ya chakula cha siku nzima kinateketea katika kazi hizo za ndani. Na mlango wa mbabula hii ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, yenye umbo kama kipepeo. Tezi hiyo ikifanya kazi kwa uvivu, moto wote wa mwili unapungua. Ndipo mtu anasikia baridi wakati wenzake wanaona joto, anafunga choo, nywele zinakatika, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, damu ya mwezi inazidi, akili inachelewa, usingizi hauishi, na uzito unaongezeka.

Mama, ukijiona katika maneno hayo, usikae nyumbani ukijihukumu. Njoo. Kuna kipimo cha damu kiitwacho TSH, nacho kinaonyesha jambo hili wazi. Mjamzito au mwenye kutafuta mimba asingoje hata juma moja, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unajengwa kwa msaada wa tezi ya mama yake, na ukikosa msaada huo haurudishwi baadaye kwa dawa.

Lakini sasa nigeuke upande wa pili, maana tangu habari ya mama yule ijulikane, kila mtu mnene katika kanisa letu anasema, “Mwalimu, ni tezi.” Hapana. Uzito unaoletwa na tezi peke yake kwa kawaida ni mdogo, kilo 2 mpaka 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi yaliyozuiwa mwilini. Mtu aliyeongezeka kilo 25 asiseme tezi ndiyo iliyomletea zote. Wala usiseme umri. Wengi wanaamini ya kwamba mtu akifika miaka 40 moto wake unashuka. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walitoa katika gazeti la Science matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, toka mtoto wa siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Waliona ya kwamba, ukifanya hesabu kwa kadiri ya ukubwa wa mwili, moto wa mtu haubadiliki sana toka miaka 20 mpaka 60. Baada ya 60 ndipo unapoanza kushuka, tena polepole. Kinachobadilika kwetu katika miaka 40 ni kwamba jembe tumewaachia vijana, sokoni tunakwenda kwa pikipiki, na chungu hakikupungua.

Chumvi na mihogo

Sisi wa Kivu tuna sababu ya pekee ya kuijua tezi hii. Tezi inahitaji iodini, kitu kidogo sana. Mtu mzima anahitaji sehemu 150 za milioni ya gramu kwa siku, na mjamzito 250. Lakini udongo wa milima yetu una iodini kidogo mno, na kinachokosekana katika udongo hukosekana katika viazi na mboga vilevile. Wazee wanakumbuka watu wenye uvimbe mkubwa wa shingo, na watoto waliozaliwa bila kusikia wala kusema, wasiokua. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilijulikana na waganga wa dunia nzima kwa taabu hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 waganga Wabelgiji, kati yao Delange na Ermans, walichunguza huko jambo la ajabu: iodini ilikosekana kote kisiwani, lakini kaskazini watu wenye uvimbe walikuwa wengi, na kusini-magharibi wachache. Walipotafuta sababu, walifika kwenye mihogo.

Mihogo ina sumu. Hili mama zetu walilijua kabla ya mganga yeyote, ndiyo sababu walilowesha mihogo michungu siku tatu. Sumu kidogo inayobaki, mwili unaigeuza kuwa kitu kingine kisichoua, lakini kitu hicho kinaizuia iodini isiingie katika tezi. Mtu mwenye iodini ya kutosha hadhuriki kwa urahisi. Mwenye kuikosa, akila mihogo isiyoloweshwa vema kila siku, tezi yake inaonewa mara mbili. Basi lowesha mihogo siku tatu kamili, wala usikubali haraka ya wafanya biashara wanaoitoa majini baada ya usiku mmoja kwa kuwa bei imepanda. Sombe nayo itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu.

Chumvi yenye iodini ilienea katika masoko yetu miaka ya 1990, nchi ingali ikiitwa Zaïre, na uvimbe ule mkubwa umekuwa haba. Nunua chumvi iliyofungwa yenye neno “iodé” juu ya mfuko. Uiweke katika chupa yenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa chungu, nawe uitie chunguni mwishoni, maana moto mrefu unapoteza iodini. Usizidishe ukidhani ni dawa. Kijiko kidogo kimoja kwa siku, gramu 5, ndicho kikomo cha mtu mzima, na mwenye damu kupanda anakijua sababu yake. Na ile iodini ya kupaka vidonda, usiinywe kamwe. Nimeona mtu aliyejaribu.

Kwa mama yule chumvi haikuwa sababu. Mganga alisema mwili wake ulikuwa ukipigana na tezi yake wenyewe, na hiyo ndiyo sababu kubwa kwa watu wazima wanaopata iodini ya kutosha. Alipewa vidonge vya levotiroksini, ambavyo atameza siku zote za maisha yake.

Danieli alinenepa

Katika miezi mitatu ya vidonge, moyo wake ukarudi kupiga vizuri, sauti ikarudi, sweta ikabaki nyumbani. Uzito ukashuka toka kilo 97 mpaka 93, ukasimama. Hapo nikajua kosa langu la pili. Nilikuwa nimemwagiza aache nyama, wala sikumfundisha aweke nini mahali pake.

Wahubiri wengi, na mimi mmoja wao, tumetumia sura ya kwanza ya Danieli kuwaambia watu ya kwamba mboga hupunguza mwili. Soma tena, ndugu. Danieli na wenzake walikula vyakula vya shamba na maji siku kumi, na walipotazamwa walionekana kuwa wanene kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme. Shamba linaweza kunenepesha vizuri sana. Mawese ni tunda la mti. Sukari ni jani kubwa lililokamuliwa. Karanga hazina mguu wala pembe.

Basi nikakaa jikoni kwake, mume wake akiwapo, tukapima. Waganga hupima nguvu ya chakula kwa kalori, na mama wa miaka ile asiyelima anatosheka na karibu 2,000 kwa siku, au chini ya hapo. Kwa sombe ya watu wanne alitia glasi nzima ya mawese, na glasi hiyo ilikuwa na kalori zaidi ya 1,500. Sehemu yake peke yake ilikuwa karibu 400, kabla ya kuhesabu jani moja. Lengalenga iliyopikwa kwa maji, sahani nzima, haifiki 60. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese ni 120. Mnaona nani anayetembea ndani ya mboga. Sisemi mawese ni mabaya, maana yale mekundu yana vitamini A inayolinda macho, na watoto wako wayapate. Nasema uyatie kwa kijiko, uache kumimina kwa glasi.

Tena tangu aache samaki na mayai alikuwa na njaa, naye alishibisha njaa kwa bugali na karanga. Gramu 100 za unga wa mihogo zina kalori karibu 350, na ndani yake cha kujenga mwili ni gramu 1 au 2 tu. Maharagi makavu kwa uzito ule ule yana kalori zinazokaribia hizo, lakini yana gramu 20 na zaidi za kujenga mwili, pamoja na nyuzi nyingi zinazokaa tumboni na kuchelewesha njaa. Kwa sababu hiyo tuligeuza mpango wa sahani. Maharagi yakaja kwanza, vijiko vikubwa vitano au sita. Mboga za majani zikachukua nusu ya sahani. Bugali ikawa ngumi moja, ngumi yake mwenyewe, si ya mchungaji. Karanga kiganja kimoja, wala si kila siku. Avoka nusu. Maharagi huyalowesha usiku, na makala yanapungua sana siku ya kuyapika.

Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku. Hili hakulihesabu kuwa chakula, wala mimi sikumwuliza. Chupa ya soda ya sentilita 30 ina sukari karibu gramu 30. Kasiksi sisemi, maana nawajua wasomaji wetu, ingawa nawajua vilevile majirani zao.

Mambo mawili nilimrudishia. La kwanza ni sambaza mara mbili au tatu kwa juma, wakavu au wabichi. Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hukosa vitamini B12, ambayo mboga zetu hazina, na baada ya miaka damu inapungua, miguu inakufa ganzi. Kama dhamiri yako au desturi ya kanisa lako inakuzuia kula vitu hivyo vyote, usile, lakini umwambie mwuguzi wako akupatie vidonge vya B12. La pili ni jembe. Alianza kulima bustani nyuma ya kanisa, na kwenda kwa miguu kwenye mikutano ya jirani. Nyama ya mikono na miguu inateketeza chakula hata ukikaa, na mwenye kupungua kwa njaa tu bila kazi hupoteza nyama hiyo pamoja na mafuta, moto wake ukazidi kushuka. Ndiyo sababu sikubali mfungo kuwa dawa ya uzito. Funga kwa ajili ya Bwana, lakini usiuchanganye na mzani.

Alipoanza kupungua likaja jaribu jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana ukimwi, au ya kwamba mchungaji hampi chakula. Kwetu mama mnene ni heshima ya nyumba. Mume wake alisimama baada ya ibada akawaambia watu wazi ya kwamba mke wake anatunza mwili wake kwa shauri la hospitali, na yeye mwenyewe pia amepunguza bugali. Waume, hapo mnaweza kusaidia kuliko kidonge.

Maneno ya kuangalia

Usimeze vidonge vya tezi vya mwenzako ili upungue. Kwa mtu mwenye tezi nzima vinafukuza moyo mbio, na moyo unaweza kusimama. Usinywe dawa za kuharisha zinazouzwa sokoni kwa kupunguza tumbo; zinatoa maji, mafuta yanabaki. Mwenye ugonjwa wa sukari anayepigwa sindano au kumeza vidonge, asipunguze chakula kabla ya kuzungumza nasi, asije akazimia.

Na mwenye vidonge vya levotiroksini avimeze asubuhi kwa maji matupu, angoje nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya chuma, vingoje saa nne, maana vikikutana tumboni vile vya tezi haviingii. Ukijisikia umepona, usiviache. Umejisikia umepona kwa sababu unavimeza. Ukishika mimba, njoo mara moja, maana kipimo chake hubadilika.

Mama yule sasa ana kilo 84. Imemchukua mwaka na miezi miwili baada ya zile 4 za kwanza, na miezi mingine hakupungua hata kidogo. Bado anakula shamba lake, pamoja na sambaza, na damu yake imeshuka. Siku ya Alhamisi anaongoza tena mkutano wa wamama. Mzani wetu hauko mlangoni siku hizi. Tumeutia ndani, nyuma ya pazia, na hesabu huandikwa katika karatasi ya mtu mwenyewe. Unapofika Jumanne, gonga, ungoje uitwe.